Maji ya Wageni

Kadi yenyewe bado ipo. Niliiona mwezi uliopita, siku tuliyomzika Mama Wandera katika kijiji kimoja cha Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Imechomekwa kwenye pembe ya picha ya harusi ya mwanawe, nyuma ya kioo, mahali ambapo watu wengine huweka kadi ya ubatizo. Doa la kushoto, lililokuwa la njano, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. La kulia, lililokuwa la zambarau, limekuwa kahawia. Mwandiko ni wangu. SAFI, kwa herufi kubwa, na chini yake sahihi yangu ya wakati ule, yenye mkia mrefu wa majivuno. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha hiyo, waombolezaji wakinipita kuingia na kutoka, ndipo Nafula, mkaza mwana wa marehemu, alipokuja kunisalimia na kikombe cha chai. Nilikisikia kikombe kabla sijamwona yeye. Kilikuwa kinagongagonga kisahani, mbio mbio, bila kupumzika. Nikadhani ni uchovu wa msiba. Kisha nikaiona mikono yake.

"Daktari," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe je?"

"Mimi natetemeka tu." Akacheka kama zamani, kichwa akikitupa nyuma. "Pokea hii kabla haijamwagika yote."

Mimi si daktari, wala sijawahi kuwa. Siku hizi nafanya kazi Malaba, kwenye chumba kidogo nyuma ya foleni ya malori, napima maziwa, juisi na mafuta ya kupikia yanayovuka mpaka, na mawakala wa forodha wananigongea dirisha kutwa nzima wakidai mhuri kana kwamba nimeuficha kwa makusudi. Ni kazi nzuri, hainiumizi kichwa. Lakini mwaka ule ninaotaka kuusema, nikiwa sijafika thelathini, nilikuwa natengeneza vitu ambavyo mpaka leo nikivieleza watu hunitazama kwa huruma. Tulikuwa tunatengeneza chembe hai za bandia. Au tuseme chembe ambazo hazikuwa hai, ila zilifanya kazi moja ya zile zilizo hai, kisha zikanyamaza. Jina lake lilitusumbua tangu siku ya kwanza na halikuacha kutusumbua.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Tororo, vyumba vitatu na bati, dirisha la mbele likitazama lile jabali kubwa la mji na la nyuma likitazama kamba ya nguo ya mwenye nyumba. Vumbi la saruji liliingia hata tukifunga. Sebuleni tuliweka friji mbili na meza ya kulia chakula ambayo hatukuwahi kulia chakula. Jikoni kulikuwa na mashine ya kukaushia, nzito kama ng'ombe aliyelala, na kila umeme ulipokatika ilitubidi tukimbilie jenereta huku tumeshika sketi na suruali. Mkuu wetu alikuwa Daktari Okiring, Mteso wa upande wa Kenya, aliyesoma ng'ambo miaka mingi akarudi na masanduku mawili ya chupa ndogo na sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda. Chumba cha tatu kilikuwa changu. Nililala humo na maboksi ya karatasi, na nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka inaniuma, maana sijawahi kuipata tena kazini.

Daktari Okiring alinieleza kazi yetu mara moja tu, siku niliyofika, akiwa anamenya karanga. Alisema chembe hai ni kama jiko la nyumbani. Kuna moto, kuna sufuria, kuna visu, na kuna mwenye jiko, ambaye ana mambo yake mengi: anataka kula, anataka kuzaa, anataka kuishi. "Sisi tunawachukua bakteria tunawapasua. Mwenye jiko anakwenda zake, tunabaki na vyombo. Vyombo hivyo tunavifunga ndani ya kijifuko cha mafuta, kidogo hata usikione, halafu tunabandika oda ukutani: zebaki ikiingia, pika zambarau." Vijifuko hivyo tulivikausha juu ya karatasi pamoja na sukari kidogo ya kuvilinda, vikabaki doa la njano lililo kama limekufa. Ukidondoshea maji, jiko linawaka. Kama maji yana zebaki, baada ya saa moja doa linageuka zambarau. Kama hayana, linabaki njano. Pembeni yake tuliweka doa la pili, tukaliita shahidi, ambalo hugeuka zambarau kwa maji yoyote, ili ujue kwamba kadi haikuungua njiani. Kadi nzima ilitosha mfukoni. Kwa nchi ambayo kupima zebaki maana yake ni kupeleka chupa mji mkuu na kusubiri mpaka usahau ulichopeleka, tuliona tumeshika kitu kikubwa, na kweli kilikuwa kikubwa.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Hajati, mjane wa mfanyabiashara wa malori, mama mnene mwenye udi na maswali. Kila Ijumaa alituletea sinia la pilau, na kila Ijumaa alisimama mlangoni kuhakikisha kwamba hatupiki pombe kwenye nyumba yake. Siku moja aliona chupa ya mafuta tuliyotengenezea vijifuko.

"Hii mafuta ni ya mnyama gani?"

"Ya kiini cha yai, Hajati," Daktari Okiring akamjibu.

"Yai ya kuku?"

"Ya kuku."

"Haya. Na hiyo kitu yenu, iko hai?"

"Hapana."

"Imekufa?"

"Hapana pia."

Hajati akanitazama mimi, mwanamke mwenzake, kama anayeomba msaada. "Sasa kama haiko hai, inajuaje maji ni mbaya?"

"Haijui, Hajati," Daktari akasema huku akicheka. "Inafanya tu."

"Basi hapa mwenye kujua ni nyinyi peke yenu," akasema, akachukua sinia lake la wiki iliyopita akaondoka. Tulilicheka jambo hilo mpaka jioni. Nimelikumbuka mara nyingi tangu wakati huo, na silicheki tena.

Miezi ya kwanza hakuna kilichofanya kazi. Kadi zilifanya vizuri asubuhi na kufa saa sita, jua likishika bati. Nyingine zilikuwa kahawia zenyewe hata kabla ya maji. Tulibadilisha sukari, tukabadilisha karatasi, tukajifunza kuzifunga kwenye mifuko ya plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nilivikusanya kwa wauza viatu wa soko la Tororo mpaka wakanipa jina ambalo sitaliandika. Halafu Jumanne moja, mvua ikiwa inakaribia, nilidondosha maji yaliyochotwa kwenye kidimbwi cha kuoshea dhahabu, nikaenda kuanua nguo, na niliporudi lile doa la kushoto lilikuwa zambarau kabisa, kama ua la biringanya. Nilipiga kelele. Daktari Okiring alikuja akiwa na kijiko mdomoni, akatazama, akakaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Siku hiyo tulikula nyama choma ya mbuzi barabarani, na niliwaambia watu nisiowajua kwamba nimetengeneza kitu ambacho hakiko hai na hakijafa.

Baada ya hapo ikawa kazi ya vijijini. Wachimbaji wa upande wa Busia hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu kwenye mchanga. Wao walikuwa wakiiita dawa. Wanaikanda na mchanga kwa mikono, wanapata kidonge cha kijivu, kisha wanakichoma ili dawa ipae na dhahabu ibaki. Ile inayomwagika inakwenda na maji, na ile inayopaa inaingia mapafuni mwa aliye karibu. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Tungepima maji ya kila nyumba iliyo karibu na mashimo. Nyumba ambayo kadi yake itageuka zambarau ingeingia kwenye orodha, na nesi wetu angekuja kukaa nayo kutwa nzima, aulize nani anachoma, wapi, kwa chombo gani, aache chungu cha chuma chenye kifuniko cha kuchomea nje bila moshi kutoka, na kurudi kila baada ya muda kutazama watu wake. Nyumba ambayo kadi yake itabaki njano ingefutwa kwenye orodha na kuachiwa kadi kama ukumbusho. Fedha zilitosha kufuatilia nyumba za zambarau tu.

Kwa kazi hiyo Daktari Okiring alinipa sheria moja, akairudia mpaka nikaichoka. Maji yachotwe na mkono wa yule anayepima. Mengine yote yanasameheka, alisema, lakini ukipima maji usiyoyachota mwenyewe hujui umepima nini. Nilimwambia nimeelewa, na kwa nyumba nyingi nilikwenda kisimani mwenyewe.

Nyumba ya Mama Wandera niliijua kuliko zote, kwa sababu nilipokwenda kuandikisha watu, kabla ya kadi kuwa tayari, hapo ndipo nilipokuwa napumzikia mchana. Mama mwenyewe alikuwa Msamia wa makamo, mkali, mwenye kupenda wageni kuliko kitu chochote duniani. Wandera mwanawe alikuwa mchimbaji. Nafula alikuwa ameolewa hapo kutoka upande wa Kenya, hata miaka miwili ilikuwa haijatimia, na kila alichofanya kilipimwa. Akichelewa kutandika mkeka, mama mkwe wake alisema, "Hawa ya Kenya hapana jua mgeni." Chai ikikosa sukari, ni Kenya. Nafula aliyameza yote mbele za watu, kisha akinisindikiza alimwigiza mama mkwe sauti na mwendo mpaka ninashika mbavu. Tulikuwa rika moja. Tulikaa kwenye baraza la jiko tukimenya karanga, akinieleza jinsi alivyokuwa mshonaji kwao, jinsi alivyoweza kutunga uzi kwenye sindano bila kutazama, na jinsi atakavyonunua cherehani, dhahabu ikikubali. Kwenye ukuta wa jiko lao kulikuwa na kikaango kimoja kilichotundikwa peke yake, chenye madoa ya kijivu yanayong'aa. Nilikiona. Fomu yangu ilikuwa inauliza maji tu, nami sikuuliza kikaango.

Siku ya kupima kwao ndiyo siku wafadhili wawili kutoka ng'ambo walipokuja kuona kazi yetu. Daktari Okiring alichagua nyumba hiyo kwa sababu ilikuwa na uwanja uliofagiwa na mama mwenye maneno. Tulifika saa nne. Viti vilikuwa vimepangwa, vitambaa vimetandikwa, kuku wawili walikuwa wameshachinjwa. Nikachukua chupa yangu nikauliza njia ya kisimani, na Mama Wandera akanishika mkono kana kwamba nimetukana.

"Wewe keti, daktari. Mgeni kwenda kisima? Watu ya hapa atasema nini?"

"Ni kazi yangu, mama. Lazima nichote mwenyewe."

"Maji iko. Bibi ya Wandera nimetuma asubuhi, ameleta ya kisima yetu. Keti."

Nilimtazama Daktari Okiring. Alikuwa anawaonyesha wageni jinsi paa la nyasi linavyofungwa, hakuniona. Nafula akaja na jerikeni, akapiga magoti, akamimina maji kwenye jagi mbele yetu, akainamisha macho. Maji yalikuwa meupe. Ningesimama pale nigombane na mwenye nyumba juu ya ukarimu wake, mbele ya kamera ya wafadhili? Niliketi. Nikadondosha maji kwenye madoa mawili, nikaiweka kadi juu ya kistuli ambapo kila mtu angeiona, na tukaanza kuingoja ile saa moja.

Saa moja kwa nyumba ya Wasamia maana yake ni chakula. Waliletwa kuku kwenye mchuzi mzito, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, samaki mkavu wa ufuta, mboga chungu iliyolainishwa na maziwa. Mama Wandera akafunua bakuli dogo lililokuwa peke yake, akatoa firigisi. Kila mtu aliyezaliwa huku anajua firigisi ni ya nani: ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni wa kiume aliyezidi wengine heshima. Wanawake wa upande wa mama yangu walikufa bila kuionja. Mama Wandera akampita Daktari Okiring, akawapita wafadhili, akaiweka kwenye sahani yangu. "Hii ni ya ule anapima," akasema. Wanaume waliokuwa barazani wakaguna, Daktari Okiring akanipigia makofi madogo. Niliila polepole. Nilijiona mtu.

Nikatoka kwenda kunawa nyuma ya jiko. Ndani Nafula alikuwa na jirani yake wakipanga vyungu, wanaongea Kisamia, lugha ninayoielewa vizuri kuliko walivyodhani.

"Mbona alfajiri ulionekana kwenye foleni ya bomba la shule?" jirani aliuliza. "Kisima chenu kimekauka?"

"Ningewapa wageni maji yale?" Nafula akasema akicheka. "Mvua imeyafanya uji. Mama angenila mzima. Nimekwenda mpaka shule, nimesimama saa mbili nzima kwa jerikeni moja. Yeye hajui, anadhani ni ya kisima."

Nilisimama pale mlangoni, mikono ikidondosha maji. Sidhani nilisimama muda mrefu. Nafula hakuwa amemdanganya mtu kwa ubaya. Alikuwa amewatafutia wageni maji ya kunywa, kama alivyolelewa. Hakuna aliyemweleza vizuri kwamba tulitaka maji mabaya. Aliyepaswa kumweleza alikuwa mimi.

Nikarudi barazani. Kadi ilikuwa imeiva: shahidi zambarau, la kushoto njano safi. Wafadhili walikuwa wameinama juu yake. Mama Wandera amekunja mikono kifuani, anangoja. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa machache: haya si maji ya kisima, nipeni nichote mengine. Yangechukua muda mfupi kuliko kunawa mikono. Badala yake nikasema, "Maji yenu ni safi," kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na Mama Wandera akapiga kigelegele kilichowatoa majirani. Nikaandika SAFI. Nikatia sahihi, pamoja na mkia wake.

Nilijiambia namstahi Nafula, nisimwaibishe mbele ya mama mkwe wake. Huo ndio uongo niliokula nao miaka yote hii, kwa sababu una ukweli kidogo ndani yake. Ukweli uliobaki ni huu: nilikuwa nimevunja sheria ya pekee niliyopewa, na sikutaka Daktari Okiring ajue. Wageni walikuwa wamefurahi, na nilitaka furaha ile iniangukie mimi. Na nilikuwa nimekula firigisi. Hicho kinaonekana kitu kidogo, lakini jaribu wewe kumwambia mtu kwamba maji yake hayaaminiki hali ladha ya heshima aliyokupa bado iko mdomoni. Nafula alipotusindikiza mpaka njiani nilimshika bega, nikasema, "Nitarudi wiki ijayo, nikuone." Nilikuwa na maana ya kisima. Nilikusudia kweli. Nilikuwa nimeshaweka kadi mbili pembeni, kwenye sanduku langu, kwa ajili hiyo.

Wiki iliyofuata mvua ilikata barabara. Iliyofuata ilikuwa ripoti, na Daktari Okiring aliandika jina langu kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya lake. Kisha nilitumwa Nairobi kuonyesha kadi zetu kwenye mkutano, nikanunua viatu. Kisha zile kadi mbili ziliharibika, kwa sababu niliacha sanduku juani. Na mwisho wa mwaka wafadhili wakasema wameridhika sana, wakapeleka fedha zao kwenye jambo jingine. Tukamrudishia Hajati funguo. Daktari Okiring alikwenda kufundisha mbali, nami nikapata kazi Malaba, mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumba ile. Miaka yote hii nimeishi mwendo wa asubuhi moja kutoka pale. Mara nyingine niliona kwenye daftari langu la zamani ile orodha, nyumba za zambarau zimezungushiwa duara, na nyumba ya Mama Wandera imepigwa mstari katikati kwa rula.

Kwa hiyo nilipoisikia habari ya msiba nilikwenda. Na baada ya kumwona Nafula mikono, nilitoka naye hadi kwenye lile baraza la jiko. Aliniambia bila kuulizwa, maana watu wote humwuliza. Ilianza na sindano. Uzi ulikataa kuingia. Halafu vijiko, halafu vifungo vya nguo za watoto wake. Cherehani aliinunua kweli, na sasa anayeishonea ni mtu mwingine. Anasahau maneno, anakasirika bure. Hospitali walimpa vidonge vya mishipa. Mwaka jana ndipo muuguzi mmoja alipomwuliza kama kuna anayechoma dhahabu nyumbani, na akasema ndiyo, mume wangu, jikoni, kwa kikaango, miaka yote, kwani nje upepo unazima moto na majirani wanaona. Wandera mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha uchimbaji kwa kifua. Kisima bado wanakinywa. Majirani nao walihamia kwenye kisima hicho, alisema, walipoiona kadi.

Akainuka, akarudi na bakuli lililofunikwa. Kifuniko kilicheza juu ya bakuli njia nzima. "Mama angekuwepo angekupa yeye," akasema. "Nimekuwekea."

Ilikuwa firigisi.

"Nafula, siwezi kula hii kabla sijasema," nikamwambia. Na nikasema. Nilimwambia kwamba siku ile nilimsikia akiongea na jirani, kwamba nilijua maji yalitoka bombani, na kwamba niliandika safi huku najua. Nilimwambia habari ya orodha, ya nesi ambaye angekuja, ya chungu cha kuchomea. Nilisema yote nikitazama bakuli.

Akasema, kwa sauti isiyo na hasira, na ingekuwa na hasira ningeshukuru, "Nilijua ulisikia."

"Ulijua?"

"Si nilikuona mlangoni? Moyo ulinipasuka. Nikasema leo naumbuliwa mbele ya mama. Ukanyamaza, nikakuombea Mungu. Halafu baadaye nikakaa nikawaza. Nikasema, daktari amesikia kwamba si ya kisima. Yeye ndiye anajua haya mambo. Kama kisima kingekuwa kibaya angesema. Amenyamaza, basi hata ya kisima ni sawa." Akatazama mikono yake mapajani, inayocheza. "Mimi sikuiamini ile karatasi, dada. Nilijua imeonja maji ya shule. Nilikuamini wewe."

Akasukuma bakuli, akasema kula, inapoa, na nilipokataa alikasirika kweli, ndipo nikala. Kisha nikamwomba anionyeshe kisima. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kukiona. Kiko chini ya shamba la muhogo, mawe yamepangwa vizuri, maji yake ni ya rangi ya udongo. Nilipiga magoti nikachota kwa chupa, kwa mkono wangu. Nafula alitaka kuifunga yeye. Alishindana na kifuniko mpaka maji yakamlowanisha, kisha akanipa. Akauliza kama itageuka zambarau. Nikamwambia kadi zile hazipo tena, hii itakwenda mji mkuu.

"Utarudi lini?"

Nilifungua mdomo kusema wiki ijayo. Nikaufunga. "Jibu likifika leo, kesho yake mimi niko hapa," nikasema.

Limefika leo mchana, karatasi moja, namba moja. Kisima kina zebaki. Nimepiga simu kwa nesi wetu wa zamani, amestaafu, anakaa Rubongi. Amekubali kuja nami, aketi jikoni kutwa nzima na kuuliza yale yote ambayo angeuliza wakati ule, pia kwa majirani. Mkuu wangu amenipa ruhusa. Mawakala wagonge dirisha wanavyotaka. Kesho Nafula ataniona nikitokea njiani, atachinja kuku, atatandika kitambaa. Safari hii nitasema nikiwa bado nimesimama, kabla ya kiti, kabla ya chai, kabla mtu hajaniwekea kitu kwenye sahani. Na ile kadi ukutani nitaiomba.